Zabibu za Januari

Desemba ile ilinyesha mvua. Asiyeijua Minnesota hataona ajabu, lakini huku mwezi huo kinachotarajiwa ni theluji mpaka magotini na magari yanayogoma kuwaka asubuhi. Badala yake Saint Paul watu walitembea bila kofia, wakichekeana vituoni mwa treni kama waliosamehewa kosa. Mimi nilikuwa na ugomvi na jua.

Sababu ilikuwa zabibu. Mlimani, magharibi ya Shakopee, kulikuwa na mistari ya mizabibu iliyoachwa makusudi baada ya mavuno ya Septemba, vichala vyake vikining'inia chini ya nyavu, vikisubiri kugandishwa na baridi ili vikamuliwe mvinyo wa barafu. Kwa hati, shamba lilikuwa la mzee mmoja mjane ambaye babu zake walitoka Ujerumani. Lakini mikono iliyopogoa mistari ile mwezi Machi, ikafunga machipukizi kwenye waya mwezi Juni, ikapunguza majani Agosti ili jua lifike kwenye matunda, ni hii ninayoandikia.

Nilizaliwa mkoa wa Dodoma, kwenye kijiji ambacho mtoto hujifunza kushika mkasi wa mizabibu karibu na umri wa kujifunza kushika kijiko. Shule niliiacha darasa la tano. Ada haikunishinda, wala akili. Nilichoka kukaa. Mwalimu alikuwa anatufundisha mito ya nchi za mbali, nami nilitaka kuuona mto wowote ule. Nikaenda Dar es Salaam, nikaenda Mombasa na Nairobi, nikasuka nywele, nikapikia wajenzi wa barabara, nikauza viatu vya mtumba, na mwisho bahati nasibu ya viza ikanitupa Marekani. Nimeogesha wazee Coon Rapids. Nimepanga maboksi kwenye ghala la Shakopee. Kila mahali nilidumu mpaka nilipoelewa kazi inavyokwenda. Nikishaelewa, miguu inaanza kuwasha.

Siku moja mwishoni mwa majira ya baridi, nikitoka ghalani, nilikosea njia nikaona mizabibu imesimama kwenye theluji. Nilisimamisha gari palepale. Kwetu mzabibu na jua kali ni ndugu. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kuvaa theluji mabegani na bado ukawa hai. Nikagonga mlango wa nyumba iliyokuwa karibu. Mzee alifungua, nikamuuliza maswali mfululizo mpaka akanikabidhi mkasi ili ninyamaze. Alinitazama nikipogoa mzabibu wa kwanza, akanitazama wa pili, kisha akaingia ndani na kurudi na kikombe cha kahawa. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Sasa niseme kwa nini mwaka wa mvinyo ulinishughulisha kiasi kile.

Sisi Watanzania tukikutana ugenini, tukishaulizana mikoa, swali linalofuata ni hili: "Ulimaliza mwaka gani?" Hakuna haja ya kutaja kumaliza nini. Ni shule. Mwaka wako ukishajulikana, watu wanajua rika lako, wanajua mlifanya mtihani upi, wanakutafutia mtu mliyesoma naye. Kwenye sherehe, kwenye misiba, kwenye foleni ya pilau, nimeulizwa swali hilo na watu wema kabisa. Nami nimekuwa nikijibu kwa mzaha: "Mimi nilianza tu, kumaliza nimewaachia ninyi." Wanacheka, mazungumzo yanaendelea, nami nabaki na sahani yangu. Katika maisha yangu hakukuwa na tarakimu nne ninazoweza kuzitaja na kusema: mwaka huu, kuna kitu nilikianza nikakifikisha mwisho.

Jikoni kwa mzee kulikuwa na rafu ya chupa nyembamba za mvinyo wa barafu, moja kwa kila mwaka aliofanikiwa. Miaka mingine haikuwapo, maana baridi na ndege hawana mkataba na mtu. Aligusa moja moja akinisimulia. Hii ni mwaka wa mbawakawa waliotafuna majani yote. Hii ni mwaka aliovunjika mguu, mkewe akapogoa shamba zima peke yake. Tulipomaliza mavuno ya Septemba, mwaka 2015, alinionyesha nafasi iliyo wazi mwishoni mwa rafu.

"Mistari ya juu ikiganda vizuri," alisema, "chupa moja inakaa hapa na moja ni yako. Huu ni mwaka wako."

Alisema vile kama mtu anayesema "funga mlango", akaendelea na kahawa yake. Mimi sikulala vizuri wiki ile kwa furaha.

Kosa langu lilianzia hapo. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na tunazihesabu kwa siku ya mkasi. Zabibu za Machi zimeanza kuchipua mwaka uliopita, tulipopogoa kabla ya Krismasi, lakini hakuna anayejisumbua na hilo. Zimekatwa Machi, ni za Machi. Basi nikajua, kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa shambani, kwamba zabibu za mistari ya juu zikikatwa kabla Desemba haijaisha, chupa itaandikwa 2015. Zikivuka, zitaandikwa 2016, na 2016 mimi sikuwa nimefanya lolote. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza. Huulizi unachokijua.

Kwa hiyo nikawa mwanamke wa Kiafrika pekee katika jimbo lile aliyekuwa anaomba baridi.

"Wewe ni mchawi?" aliniuliza Mkenya niliyekuwa nimepanga naye nyumba, muuguzi wa hospitali moja mjini, alipoamka akanikuta dirishani na simu, nasoma utabiri wa hali ya hewa kwa sauti. "Watu wote wako happy hatu-shovel theluji, wewe unaita baridi kama unaita paka."

"Inahitaji siku mbili tu za baridi kali."

"Na zile madimbwi ziliganda jana, si hiyo ni baridi?"

"Dimbwi ni maji. Zabibu ina sukari, na sukari inakataa kuganda. Mpaka baridi iwe kali kweli ndipo ikubali."

"Aki, si uende tu Texas. Huko hata sukari inayeyuka yenyewe."

Texas haikuwa utani. Nilikuwa nimepata kazi kule, kwenye kampuni ya mapishi ya sherehe, na walitaka nianze wiki ya kwanza ya Januari. Nilikuwa nimekubali. Mpango wangu ulikuwa safi: nakata zabibu Desemba, mwaka wangu unaandikwa, naondoka.

Desemba haikuwa na habari na mpango wangu. Mvua ilipasua maganda ya zabibu. Ndege walijifunza kupenya chini ya nyavu, na kulungu walikuja jioni kula kutoka upande wa msitu, wametulia kama wageni waalikwa. Kila nilipopanda mlimani mistari ilikuwa imepungua. Vichala vilivyobaki vilikunja uso kama vizee. Mzee alivitia kinywani, akatema mbegu, akasema, "Bado." Nami nikatia, nikatema, nikasema bado, ingawa moyoni nilitaka aseme tukate tu, tuite barafu.

Siku ya mwisho ya mwaka nilikwenda shambani mchana. Niliminya zabibu moja kwa vidole. Ikapasuka, laini na majimaji kiganjani. Nikajifuta kwenye suruali nikarudi mjini.

Kesho yake nilialikwa kwa Mkongo mmoja, rafiki yangu tangu enzi za ghala la Shakopee, aliyekuwa akija shambani kunisaidia siku za Jumamosi. Kila mwaka mpya nyumbani kwake kuna sherehe ya kuzaliwa, na keki ni moja kubwa, maana kwenye karatasi za ukimbizi familia nzima imeandikwa kuzaliwa tarehe moja Januari: yeye, mkewe, mama yake, na ndugu zake waliokuja naye. Watoto waliozaliwa huku ndio wenye tarehe zao, nao wanawacheka wakubwa kwa Kiingereza.

"Dada, mbona weye uso iko namna hiyo? Leo ni siku yangu," alisema akinipa sahani ya sombe, kisamvu cha kwao.

Nikamweleza. Kwamba mwaka umevuka na zabibu hazijaganda, kwamba chupa itaandikwa mwaka ambao si wangu, kwamba wiki hii naondoka kwenda Texas.

Alitafuna kwanza. "Bon. Mama yangu huyu hapa," alisema, akamwonyesha bibi aliyekuwa anakatiwa keki. "Muulize mi nilizaliwa lini. Atakuambia: wakati wa kuvuna maharage, baba yako alikuwa na homa. Wazungu waliandika Januari. Mi nikawa mtu mwingine?"

"Wewe ni mtu. Hii ni chupa."

"Na weye ulilima mwaka mzima ili wakuandikie namba, ama ulilima ili zabibu ziive?"

"Vyote viwili!" nilisema kwa sauti mpaka watoto wakageuka. "Kwa nini nisitake vyote viwili?"

Akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Haya, taka vyote. Lakini baridi itakuja hata weye ukiwa Texas. Nani atakata?"

Hilo ndilo lililonikaa. Nililala nalo, nikaamka nalo. Niliwaza watu wengine wanapita kwenye mistari yangu na ndoo, wasiojua kwamba mzabibu wa tatu kutoka kwenye lango una tawi nililolifunga mara mbili baada ya upepo, wasiojua wapi wavu umeshikwa na mwiba. Mwaka nilikuwa nimeupoteza, hivyo ndivyo nilivyoamini. Zabibu bado zilikuwapo. Nikapiga simu Texas nikawaambia wasinisubiri. Yule Mkenya aliposikia alishika kichwa kwa mikono miwili. "Wewe mama, wewe! Umeacha kazi ya heated kitchen ukae ungoje fridge ya Mungu?" Nikamjibu ndiyo, na nikashangaa jinsi neno lile lilivyotoka kirahisi. Nilikuwa nimeondoka mahali pengi maishani. Kubaki ili kitu kiishe, hata kisichokuwa na jina langu, ilikuwa mara ya kwanza, na kulikuwa na ladha fulani mdomoni ambayo baadaye niliijua kuwa fahari.

Baridi ilikuja katikati ya Januari, ile yenyewe, inayokausha pua ukivuta pumzi na kufanya theluji ilie chini ya viatu. Mzee alipiga simu akasema neno moja: "Leo."

Tulikuwa watu wachache: mzee, majirani zake wawili wakulima, mimi, na Mkongo aliyeomba ruhusa kazini. Yeye ni mlokole, hanywi kabisa, na majirani walimtania kwa hilo. "Mi nakata matunda," aliwajibu kwa Kiingereza chake, kisha akanigeukia kwa Kiswahili, "mambo ya baadaye ni yao na Mungu wao."

Jua lilikuwa limeng'aa bila joto lolote. Nyavu zilikuwa zimekauka kama vyuma vya dirisha. Tulizivunja barafu kwa ngumi. Zabibu zilikuwa gololi. Ukikata kichala na kukitupa kwenye ndoo, kililia kama gololi za watoto wanaocheza barazani, na nyingine ziliruka tukazifukuza kwenye theluji. Nilivaa glavu mbili juu ya mbili na bado vidole viliniacha, vikarudi, vikaniacha tena.

"Dodoma wakikuona!" alisema Mkongo kutoka mstari wa pili. Ndevu zake zilikuwa nyeupe kwa pumzi yake mwenyewe.

"Wakiniona wataniombea."

"Mi nishaanza kukuombea. Mikono yangu iko wapi? Niambie kama unaiona."

Nilimwonyesha mzabibu wa tatu kutoka langoni. Kichala chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Nilikikata mwenyewe.

Mashine ya kukamulia ilikuwa nje, ya mbao na chuma, maana ndani kuna joto na joto lingeyeyusha kila kitu. Tulimimina gololi zetu, mzee akaanza kukaza. Ilikaza, ikalia, na hakikutoka kitu. Majirani walianza kutazama viatu vyao. Mzee akakaza tena. Kisha kwenye mdomo wa mashine likatokea tone, likanenepa, likakaa pale bila haraka kama asali inayofikiria, likaanguka. Nyuma yake likaja jingine. Maji yote yalikuwa yamebaki ndani kama barafu; kilichotoka ni utamu mtupu, rangi ya shaba. Mzee aliniwekea kidogo kwenye kikombe. Nimekula embe za Tanga na asali ya Tabora. Sijawahi kuonja kitu kilichokuwa tunda kiasi kile, tamu kisha kali, likakushika taya na kukataa kukuachia.

Tangi dogo lilipoanza kujaa, mzee alitoa chaki mfukoni akaandika ubavuni mwake: 2015.

Nikaangalia. Nikadhani baridi imemchanganya.

"Umekosea mwaka," nikamwambia.

"Nimekosea nini?"

"Tuko 2016. Tumevuna leo."

Aliangalia chaki, akaniangalia mimi, akaangalia wenzake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona akicheka kwa tumbo zima. "Kwa hiyo ndiyo maana umekuwa umenuna mwezi mzima? Nilidhani unanidai."

"Kwetu ni siku ya mkasi."

"Zabibu hizi zilichanua lini?"

"Juni."

"Zilikunywa mvua ya mwaka gani? Ziliiva mwaka gani?"

Nikaitazama tena chaki ubavuni mwa tangi.

"2016 imefanya nini hapa?" alisema. "Imezigandisha tu. Imekuja mwisho, imefunga mlango. Mwaka wa mvinyo ni mwaka zabibu zilipokua. Babu zangu walihesabu hivyo, na wote ninaowajua wanaotengeneza mvinyo huu wanahesabu hivyo."

"Na kama baridi ingekuja Februari?"

"2015."

"Machi?"

"Machi kungekuwa hakuna zabibu, kungekuwa na kulungu wanene. Lakini zingebaki, zingekuwa 2015. Mpaka mzabibu uchipue tena, mwaka wake haujaisha. Kalenda ni ya benki."

Nilitaka kucheka, nikashindwa kwa sababu mashavu yalikuwa yameganda. Nikamweleza kuhusu Dodoma, mavuno mawili, Machi iliyoanzia Desemba. Akaacha kukaza mashine. Aliniuliza mzabibu unapumzika lini. Nikamwambia haupumziki, unakatwa, unalia, unachipua. Akauliza majani yanaanguka lini. Nikamwambia hatusubiri yaanguke. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesimuliwa habari za nchi yenye majua mawili. "Sasa ninyi mnaandika mwaka gani?" aliuliza, na aliuliza kweli, kwa hamu ileile niliyokuja nayo mlangoni kwake. Tulibishana juu ya hilo mpaka majirani wakatukumbusha kwamba kuna watu wanakufa kwa baridi.

Kisha akanipa chaki. Kulikuwa na tangi la pili, dogo zaidi. Niliandika mwenyewe, kwa mkono ambao haukusikia chaki: mbili, sifuri, moja, tano. Tano yangu ilipinda. Sikuifuta.

"Umeona?" alisema Mkongo, akirukaruka kupasha miguu. "Zabibu zimezaliwa Januari kwenye karatasi, lakini mama yao anajua."

Mvinyo ule ulichacha polepole, kama ulivyokamuliwa. Niliendelea kufanya kazi shambani, na chupa zilipokuwa tayari majani yalikuwa yameshaanza kupukutika tena. Moja ilikwenda kwenye rafu. Moja nikapewa mimi, nyembamba, na mwaka wangu katikati ya lebo kwa tarakimu nyeusi.

Watu huweka chupa kama hizo. Yule Mkenya alinishauri niifunge vizuri, niifungue siku ya maana. Nilimwambia siku ya maana ilikuwa Januari, na mwaka hauharibiki kwa kunywewa. Jumapili moja nikaifungua kwenye meza yetu, tukala na mkate na mbuzi wa kuchoma. Yeye alikunywa kidogo akafumba macho, akasema, "Haki, sasa naelewa ile wazimu yako," akasukuma glasi nimwongeze. Mkongo alinusa tu. Alinusa kwa muda mrefu kuliko sisi tulivyokunywa, akasema tunda lile analitambua, maana lilimgandishia vidole. Tulipomaliza akaiomba chupa. Ina mdomo mzuri, alisema, mwembamba.

Bado anayo. Ukienda kwake utaikuta kando ya jiko, imejaa mawese, lebo imekula mafuta lakini tarakimu zinasomeka. Mgeni akishangaa mawese ya 2015, anamwelekeza kwangu. "Mwenyewe huyu hapa," anasema. "Muulize. Lakini kaa kwanza, ni hadithi ndefu, na anaringa."

Naringa. Navuta kiti, naanzia Machi.